Kumketisha Mwandishi Mbele ya Watu: Maswali Yenu kutoka Tanga

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga, na karibu zote zinagusa jambo moja: namna ya kumhoji mwandishi mbele ya hadhira, hasa kwa wanaojiandaa na tamasha la vitabu. Majina tumeyaacha kama wenyewe walivyoomba, na barua ndefu tumezifupisha.

Wahariri, asalaam aleikum. Nimepewa kazi ya kumhoji mtunzi wa riwaya kwa saa nzima. Nimeandaa maswali 25 na bado naogopa yataniishia. Niongeze? (Mwalimu wa Kiswahili, Chumbageni)

Waaleikum salaam, Mwalimu. Punguza. Saa moja ya jukwaani si dakika 60 za mazungumzo. Kumkaribisha mgeni na kumtambulisha kunakula dakika 5. Akisoma mara mbili, dakika 4 kila mara, hizo ni 8. Hadhira iachiwe dakika 17, maana imetoka nyumbani ili nayo iulize. Unabaki na 30. Mwandishi aliyeulizwa vizuri hujibu kwa dakika 3 au 4, kwa hiyo unahitaji maswali 8, na mawili ya akiba. Mhoji mwenye maswali 25 hukimbizana nayo: mgeni ndiyo kwanza ananoga, yeye ameinamia karatasi kutafuta linalofuata.

Hayo manane yatoke kitabuni. Kisome mara mbili. Mara ya kwanza soma kama msomaji yeyote, bila kalamu. Mara ya pili shika penseli, uweke alama kila unaposhtuka: neno linalorudi rudi, sura iliyo fupi kuliko nyingine zote, mhusika anayetoweka bila kuagwa, jambo ambalo msimulizi analijua lakini halisemi. Kwenye alama hizo utapata maswali kama 20. Yalaze usiku mmoja, kisha chuja.

Tuseme kuna riwaya ambamo mgeni bado amekaa barazani, na mama mwenye nyumba anaondoa dele la kahawa na kuanza kuosha vikombe. Mhoji mmoja atauliza, "Unazungumziaje nafasi ya mwanamke katika kitabu chako?" Atajibiwa kwa hotuba, na hotuba hiyo mgeni ameshaitoa kwingine. Wewe uliza hivi: "Ukurasa wa 47, mama anaosha vikombe ilhali mgeni hajaaga. Kwa nini hakumwambia tu kwamba aondoke?" Hapo mwandishi atarudi kwenye ukurasa wake, atakumbuka alivyouandika kwanza na alichokifuta, na watu watasikia uandishi unavyofanyika. Nafasi ya mwanamke itajitokeza yenyewe, ikiwa na kikombe mkononi.

Andika kila swali kwenye kadi yake, kubwa kiasi cha kiganja, pamoja na namba ya ukurasa. Kadi zinapangika upya kimya kimya mgeni akiruka kwenda kwenye jambo ulilolipangia mwisho. Karatasi ndefu haikupi nafasi hiyo. Swali lisizidi sentensi mbili. Usiunganishe maswali mawili, kwa sababu mgeni atajibu lile jepesi na kulisahau jingine. "Wazo la kitabu hiki ulilipata wapi?" liache kabisa: kila mwandishi analo jibu lake la kukariri. Anza na swali dogo lenye kitu cha kushika, ambalo mgeni halazimiki kulitafutia jibu, maana dakika tano za kwanza bado anaizoea sauti yake kwenye spika. Swali zito lingoje dakika ya 15 hivi.

Mgeni akinyamaza, hesabu moja hadi tano moyoni kabla hujafungua mdomo. Kimya cha jukwaani kinatisha, na wahoji wengi hukijaza kwa kulirudia swali kwa maneno mengine. Mara nyingi mtu anakuwa anatafuta jibu la kweli, na wewe umemkata. Swali bora kuliko yote halimo kwenye kadi yoyote: "Kwa mfano?"

Siku moja kabla, kutaneni kwa robo saa. Mweleze mada mtakazopitia, usimpe maswali yenyewe. Mkishayafanyia mazoezi, jukwaani atakujibu "kama nilivyokueleza jana" na kutoa kifupi cha jibu zuri ambalo ulilisikia peke yako. Muulize mambo matatu: ni nini asichotaka kuulizwa, jina lake linatamkwaje, na aitweje mbele ya watu. Wapo wanaopenda Profesa, wapo wanaopenda Mzee au Bi, na wapo wanaotaka jina tupu. Wasifu wake usizidi sentensi tatu; orodha ya vitabu vyote na tuzo zote hadhira imeshaisoma kwenye ratiba.

Shule yetu italeta wanafunzi 40. Kila mwandishi akija huulizwa "dhamira kuu ni nini" na "unatoa ujumbe gani kwa jamii". Tufanyeje? (Mlezi wa klabu ya usomaji)

Wanauliza wanachoulizwa kwenye mtihani, si kosa lao. Wiki moja kabla, wapeni sharti moja: swali lianze na namba ya ukurasa. Mwanafunzi aliyelazimika kufungua ukurasa wa 62 hawezi tena kuuliza dhamira kuu. Atauliza kwa nini mtoto yule alidanganya. Chagueni maswali kumi, na waulizaji wake wakae viti vya kando, karibu na njia, ili kipaza sauti kiwafikie bila kuvuka magoti ya watu.

Kikao chetu kitakuwa nje, karibu na bahari, watu 100, jioni. Mara iliyopita spika zilipiga mluzi, upepo ukanguruma kwenye vipaza sauti, na adhana ikamkuta mgeni katikati ya hadithi. Tufanye nini safari hii? (Mratibu, Raskazone)

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo isiyohitaji fedha. Tanga jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi, kutegemea mwezi. Anzeni saa kumi na robo, watu wakiwa wameshaswali Alasiri, mmalize saa kumi na moja na robo. Mnabaki na karibu saa nzima ya kuuza vitabu na kusaini kabla ya Magharibi. Ijumaa msipange kitu kati ya saa sita na saa nane mchana. Na siku moja kabla, saa ile ile ya kikao, mmoja wenu akakae kwenye kiti cha mgeni. Jua la jioni likimchoma machoni, geuzeni jukwaa. Likiwa nyuma yake, pia geuzeni, maana watu watamwona kivuli tu.

Mluzi unatokea pale sauti ya spika inapoingia tena kwenye kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena. Kwa hiyo spika ziwe mbele ya jukwaa zikitazama watu, na vipaza sauti viwe nyuma ya mstari wa spika. Mafundi wengi huziweka pembeni mwa mgeni kwa sababu waya ni mfupi. Nunueni waya mrefu. Kisha mwambieni mgeni asogeze kipaza sauti hadi umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni. Umbali ukipungua nusu, nguvu ya sauti inayoingia inakuwa karibu maradufu, na fundi anaweza kupunguza sauti ya mitambo, mluzi ukakata wenyewe. Mgeni asikumbatie kichwa cha kipaza sauti kwa kiganja. Ukikifunika kinaanza kupokea sauti kutoka pande zote, na mluzi unarudi pale pale.

Upepo unataka vitu viwili. Kwanza sponji kwenye kila kipaza sauti. Ni kitu cha bei ndogo na fundi anaweza asije nayo msipomwagiza. Pili, mgeni na mhoji waupe upepo mgongo ili miili yao ikinge. Desemba hadi Machi ni kaskazi, na katikati ya mwaka ni kusi, kwa hiyo jukwaa lililofaa Februari huenda lisifae Julai. Ukuta au turubai nyuma ya viti litasaidia, mradi lifungwe chini pia, kwani turubai linalopigapiga lina kelele kuliko upepo wenyewe. Karatasi zote ziwe kwenye ubao wenye kibanio.

Vipaza sauti vidogo vya kubana kwenye nguo vina shida yake. Mtandio au ushungi ukikisugua, watu wanasikia mkwaruzo kila mgeni anapogeuza shingo. Mkufu nao unagonga. Kibanwe juu ya nguo ya nje kabisa, katikati ya kifua, na mkufu uvuliwe. Binafsi tunapendelea kipaza sauti cha mkononi kwa mgeni yeyote ambaye hakuzoea. Visivyo na waya viwekewe betri mpya nusu saa kabla, na nyingine zikae mfukoni mwa fundi, si kwenye gari.

Jenereta ikae mita 30 hivi kutoka kwenye watu, upande ambao upepo unapeleka moshi na kelele mbali nao. Kwa spika mbili, mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) na taa chache, ya kVA 2.5 inatosha. Ijazwe mafuta kabla ya kuanza. Kuijaza ikiwa imewaka ni hatari ya moto. Viti viwili vya jukwaani viwe vya urefu mmoja, vimegeukiana nusu nusu, mita moja na nusu kati yake. Maji yawe yameshamiminwa kwenye glasi, kwani chupa ya plastiki ikibonyezwa karibu na kipaza sauti inalia kama kuni zinazovunjika.

Wakati wa maswali, mzee mmoja anayeheshimika huchukua kipaza sauti na kuzungumza dakika kumi bila kuuliza. Kumkatiza ni kukosa adabu. Kumwacha ni kuwanyima wengine. (Mshereheshaji, Ngamiani)

Ndugu mshereheshaji, adabu ianze kabla mzee hajasimama. Tangaza mapema, kwa wote, kwamba kila mtu ana swali moja na dakika moja. Msimpe mtu yeyote kipaza sauti mkononi. Msaidizi ndiye anayekishika, akikisogeza mdomoni mwa muulizaji. Kikishaingia mkononi mwa mtu, kukirudisha ni kunyang'anyana, na kunyang'anyana na mzee mbele ya watu hakuna anayetoka salama.

Akianza hotuba, usimkatize ukiwa jukwaani, umesimama juu yake. Shuka, mwendee, umsalimu kwa sauti inayosikika: "Shikamoo mzee." Ataitikia "Marahaba", na kwa kuitikia atakuwa amekata maneno yake mwenyewe. Hapo hapo malizia: "Mzee wetu ametaja jambo la uhamiaji wa vijana. Tunaomba mgeni alijibu hilo." Umechukua kitu kimoja katika maneno yake, umekigeuza swali, na yeye anakaa akiwa ameheshimiwa. Ndiyo maana lazima umsikilize kwa makini tangu neno la kwanza. Ukikosea alichosema, atasimama tena kukusahihisha, na kwa haki.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na unatuuma zaidi. Wapo wasiouliza kabisa: wanawake waliokaa nyuma, vijana, watu wanaoona haya kwa lafudhi yao. Gaweni vikaratasi na kalamu watu wanapoingia, msaidizi avikusanye dakika ya 35, mhoji asome vitatu au vinne. Na mtu wa kwanza kuuliza kwa mdomo awe kijana au msichana. Wakianza wakubwa watatu mfululizo, wadogo hawanyooshi tena mkono.

Nimetoa kitabu changu cha kwanza na nimeombwa kusoma dakika nne. Nisome wapi? (Mwandishi chipukizi, Pangani)

Hongera sana. Kiswahili kikisomwa kwa sauti, bila haraka, ni maneno 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika nne ni maneno 400 na kidogo, yaani ukurasa mmoja na nusu wa riwaya ya kawaida. Wengi huchukua kurasa tano, wakaona muda unaisha, wakaanza kukimbia, na hadhira ikaachwa njiani.

Chagua tukio lenye sauti mbili, zisizidi. Zikiwa nne, msikilizaji asiyeona maandishi hajui nani anasema. Usichague kilele cha hadithi, kwani kinataka maelezo ya robo saa ili kieleweke. Chagua mahali ambapo sentensi moja ya utangulizi inatosha. Ukate pale ambapo msikilizaji anataka kujua kinachofuata.

Usisomee kitabuni. Chapa kipande hicho kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, na kila ukurasa uishie mwisho wa aya ili usigeuze karatasi katikati ya sentensi. Weka alama ya mkwaju (/) pale utakapovuta pumzi. Soma kwa sauti mara tano nyumbani, saa ikiwa mbele yako. Neno linalokukwaa mara tatu libadilishe kwenye karatasi. Kitabu kimeshachapwa, lakini hakuna atakayekushtaki kwa kubadili neno moja jukwaani.

Na mtunzi wa mashairi je? (Msomaji, Mkwakwani)

Mwache aghani. Ushairi wa mwambao ni wa sikio, na kuusoma kama taarifa ya habari ni kuudhulumu. Ila mpimie muda. Tarbia ina mishororo minne kwa ubeti, na mshororo wa mizani 16 ukighaniwa huchukua sekunde 8 hadi 10. Beti sita ni dakika nne. Mwombe achague beti, na kiitikio awafundishe watu kabla hajaanza, mara mbili tu. Kipaza sauti kiwe kwenye kisimamio, maana mwenye kughani hutaka mikono yake.

Sisi ni kikundi cha usomaji. Tungependa kikao juu ya Shaaban Robert, ambaye ni wa hapa kwetu. Lakini tutamhoji nani? (Pongwe)

Swali zuri, na jibu letu la kwanza ni la kukataza: msimpe mtu kanzu na kofia ajifanye yeye. Atawekewa mdomoni maneno ambayo hakuyasema, na watoto watayabeba kama yake.

Ana maneno yake mwenyewe ya kutosha. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki mwaka 1962 na kuzikwa Machui, na katikati ya hapo aliandika juu ya maisha yake katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Zaidi ya hapo zipo barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa kama kitabu. Wekeni viti vitatu: mhoji, msomaji mwenye sauti nzuri, na mtu mmoja aliyezisoma kazi hizo kwa kina. Msomaji asome barua moja, dakika mbili. Mhoji amuulize mjuzi juu ya barua hiyo tu: ndugu hawa walikuwa wanazungumza nini, na kwa nini aliiandika hivi. Barua nne au tano zinajaza saa.

Mkitaka kipande cha hadithi, Kusadikika ya mwaka 1951 inasomeka vizuri kwa sauti, kwa kuwa imejengwa kama kesi: Karama anashtakiwa na Majivuno kwa kutaka kuleta elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita. Wasomaji wawili, mmoja mshtaki, mmoja mshtakiwa. Msianze na sifa. Akiitwa gwiji mara kumi katika dakika tano, watu watatoka bila kusikia hata sentensi yake moja.

Mgeni wetu anaandika kwa Kiingereza. Tumhoji kwa lugha gani? (Klabu ya vitabu, Tanga mjini)

Kama anajua Kiswahili, kwa Kiswahili, hata kama anasitasita, watu watamvumilia. Kama hajui, mkalimani anayesubiri sentensi iishe ndipo atafsiri atakula nusu ya muda wenu, kwa hiyo maswali manane yawe manne. Mgeni azungumze sentensi tatu, anyamaze. Mkalimani apewe kipande kitakachosomwa siku tatu kabla. Tafsiri ya Kiswahili ikiwapo, isomwe hiyo, na mgeni asome aya moja tu ya asili ili sauti yake isikike. Kwa mfano, riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobel mwaka 2021, inapatikana kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kumsomea mtu wa Tanga habari za mwambao wake kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kipo, ni kumnyima haki.

Tunaruhusiwa kurekodi na kusambaza? (Fundi sauti)

Kwa ruhusa ya mwandishi iliyoandikwa, na ya mchapishaji kwa sehemu itakayosomwa kutoka kitabuni. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Karatasi moja yenye saini kabla ya kikao inatosha. Chukueni sauti moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, na simu nyingine irekodi kando kwa tahadhari. Saa moja ya sauti isiyobanwa, yaani ambayo faili lake halijapunguzwa ukubwa, ni karibu megabaiti 600, kwa hiyo futeni picha kwenye simu kabla, si katikati ya mazungumzo.

Meza ya kusaini vitabu huwa vurugu tupu. (Muuza vitabu, Barabara ya 12)

Meza iwe pembeni mwa njia ya kutokea, si jukwaani. Kwa watu 100 leta nakala 30 hivi, uzihesabu mbele ya mwandishi kabla na baada. Anayepokea fedha asikae meza moja na anayesaini. Uwe na chenji ya noti ndogo, na lipa namba yako iandikwe kwa herufi kubwa ili watu wailipe wakiwa kwenye foleni. Msaidizi mmoja apite kwenye foleni na vikaratasi, aandike jina la kila mnunuzi kwa herufi kubwa na kukiweka kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Asha, Aisha na Aysha ni watu watatu tofauti, na mwandishi aliyechoka hawezi kukisia. Tumia kalamu ya wino mkavu wa kawaida. Ya wino mwingi, kwa unyevunyevu wa pwani, haikauki upesi, na kitabu kikifunikwa saini inajichapa ukurasa wa pili. Kama mwandishi ana kalamu yake ya aina hiyo na hataki nyingine, weka kipande cha karatasi laini juu ya saini kabla ya kufunika.